Ludhiana, mji wa baiskeli uliojengwa na waliokimbia

Mwezi wa nane 1947, Uingereza iliachilia India na kuigawanya: India huku, Pakistan kule. Watu zaidi ya milioni 10 walihama makwao, kwa treni na kwa miguu, wakikimbia mauaji kati ya dini. Ndugu wanne wa familia ya Munjal walitoka Kamalia, mji uliobaki upande wa Pakistan. Walikuwa wamekwisha kuanza kuuza vipuri vya baiskeli Amritsar. Machafuko yakawasukuma mpaka Ludhiana, katika jimbo la Punjab.

Wakati ule baiskeli ya kusifiwa ilikuwa ile ya Uingereza. Serikali mpya ikazuia bidhaa nyingi za nje ili wenyeji wajitengenezee zao. Ndugu Munjal wakaanza na uma za mbele na usukani, na mwaka 1956 wakafungua kiwanda cha Hero Cycles. Mwaka wa kwanza zilitoka baiskeli 639 tu. Hawakufanya kila kitu wenyewe: mnyororo kwa fundi huyu, pedali kwa yule, na mji ukapata kazi. Nguvu yao ilikuwa hapo, kuliko katika pesa. Mwaka 1986 kitabu cha Guinness kikaitaja Hero kuwa mtengenezaji mkubwa wa baiskeli duniani.

Nyingi zilibaki India kwenyewe, kwa wakulima na wauza maziwa. Zingine zilivuka bahari, zikafika mpaka Afrika: chuma nyeusi, nzito, breki za fimbo, keria imara. Anayesukuma makala au ndizi huku kwetu anajua bei ya keria kama hiyo.

Lakini uzito huo huo ndio shida. Mnunuzi wa Ulaya anataka baiskeli nyepesi ya aluminiamu, yenye gia nyingi, na siku hizi yenye betri. China na Taiwan zilitangulia huko. Tena kuna ushuru: Bangladesh, jirani, imeingiza baiskeli zake Ulaya bila kulipa, kwa kuwa imehesabiwa kati ya nchi maskini zaidi. India haikupewa nafasi hiyo.

Tarehe 3 Juni 2020, Siku ya Baiskeli Duniani (ajabu kweli), kampuni ya zamani ya Atlas ilisimamisha kiwanda chake cha mwisho, Sahibabad, karibu na Delhi. Wafanyakazi walikuta tangazo mlangoni: hakuna pesa za kununua mali ghafi.

Hero yenyewe ilinunua kampuni ya Uingereza, Avocet Sports, mwaka 2015, ili ikaribie wanunuzi wa huko. Mafundi wadogo wa mnyororo na pedali hawana njia hiyo. Wao hungojea oda za viwanda vikubwa.