Ateri iliyotuna

Neno "mshipa" limebebeshwa mengi mno. Ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na huko mitaani ni ngiri pia: mzee akisema ana mshipa, wengi hufikiria kinena, si kifua. Basi daktari anayetamka "mshipa wako umevimba" na kunyamaza hapo hajasema kitu.

Huenda anakusudia aneurizimu, yaani ukuta wa ateri umelegea mahali fulani na damu inausukuma nje. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Vena zilizovimba miguuni ni habari nyingine kabisa. Mimi ningesema ateri "imetuna". Kuvimba kunanukia jipu na maumivu, ilhali aneurizimu nyingi haziumi.

Kubwa kuliko ateri zote ni aota. Tumboni upana wake ni kama sentimita 2. Ikifika 3 imeshaitwa aneurizimu. Mara nyingi hugunduliwa kwa bahati tu, mtu akipigwa ultrasaundi kwa shida nyingine. Ikiwa ndogo hufuatiliwa kwa vipimo, presha ikidhibitiwa na sigara ikiachwa (hili la sigara wagonjwa hulisikia kwa sikio moja). Kwa wanaume, upasuaji huanza kujadiliwa ikifika sentimita 5.5, au ikitanuka haraka.

Albert Einstein alikuwa na aneurizimu hiyo ya aota. Mwaka 1948 daktari Rudolph Nissen aliizungushia selofani, ile karatasi ya plastiki. Aneurizimu ilipasuka mwaka 1955. Einstein alikataa upasuaji mwingine, akafariki.