Kilimia na Miongo: Elimu ya Nyota Katika Maisha ya Wahenga Wetu

Wapo watu wadhanio kwamba elimu ya nyota ni elimu ya kigeni, iliyotufikia pamoja na vitabu vya shule. Dhana hiyo haina msingi. Galileo alipoielekeza darubini yake mbinguni mwaka 1609, wakulima na mabaharia wa upande huu wa Afrika walikwisha kuzisoma nyota kwa macho matupu, nao walizisoma kwa haja: mmoja apate kujua wakati wa kushika jembe, na mwingine apate kujua njia ya kurudi kwao. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo ilihifadhiwa katika maneno, na kwamba maneno hayo yakipotea, hupotea pamoja na elimu yenyewe.

Tuanze na Kilimia. Hili ni fungu dogo la nyota zilizosongamana, ambalo mtu mwenye macho mazuri huweza kuhesabu ndani yake nyota sita au saba. Waarabu huliita Thuraya. Jina letu latokana na kitenzi kulima, wala halikutolewa ovyo. Kila mwaka, kati ya mwezi wa Mei, Kilimia hufichwa na mwanga wa jua, kisha mwezi wa Juni huonekana tena mashariki kabla ya mapambazuko. Hapo masika imekwisha na kipupwe kimeingia. Kufikia Novemba, Kilimia huchomoza jua likizama, wakati wa vuli. Ndiyo maana wazee walisema kwamba kikitoweka wakati wa mvua, hurudi wakati wa jua. Usemi huo haukuwa fumbo, ulikuwa kalenda.

Yafaa tuzingatie pia kwamba neno hili lina ndugu zake mbali na pwani yetu. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini huliita fungu hilo hilo isiLimela, kwa shina lile lile la kulima. Miongoni mwa Waxhosa, mwanamume alihesabu miaka ya utu uzima wake, tangu alipotoka jandoni, kwa idadi ya mara alizouona mwandamo wa isiLimela. Watu watenganao kwa maelfu ya kilomita hawawezi kukubaliana hivyo kwa bahati tu. Neno hili ni urithi wa zamani sana wa wasemaji wa lugha za Kibantu.

Huenda msomaji akauliza: je, mwezi haukutosha? La, haukutosha. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, nao hutangulia mwaka wa jua kwa siku kama 11. Ramadhani huzunguka majira yote, bali mvua haizunguki nayo. Kwa hiyo Waswahili walitumia mwezi kwa ibada, na kwa shamba na safari wakawa na mwaka mwingine, ulioanza siku ya Nairuzi, jina lenye asili ya Kiajemi. Mwaka huo ulikuwa na siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za nyongeza. Leo tukisema muongo twakusudia miaka 10. Baharia wa zamani alikusudia siku 10. Sherehe ya Mwaka Kogwa, ifanywayo Makunduchi, Unguja, kila mwezi wa Julai, ni kumbukumbu hai ya hesabu hiyo.

Tukitoka shambani twaingia baharini. Majahazi yaliletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi, lakini pepo hazimwonyeshi nahodha mahali alipo. Hilo lilikuwa kazi ya nyota. Ahmad ibn Majid, mwanamaji mashuhuri wa karne ya 15 aliyetoka Julfar katika Ghuba, aliandika juu ya dira yenye pande 32, zilizoitwa kwa majina ya nyota mahali zinapochomoza na zinapozama. Aliandika pia shairi refu la kueleza njia ya pwani yetu mpaka Sofala, maana elimu iliyofungwa kwa vina hukaa moyoni. Mabaharia hao walipima kwa vidole kimo cha nyota ya kaskazini juu ya upeo wa bahari. Kadiri chombo kilivyoshuka kusini, ndivyo nyota hiyo nayo ilivyoshuka, hata ilipovukwa Ikweta ikatoweka, wakalazimika kutegemea nyota nyingine.

Hapana budi tutenganishe elimu hii na ramli. Mpiga ramli huiuliza nyota bahati ya mtu. Mkulima na nahodha waliiuliza majira na njia, na jibu lake lilithibitishwa na mvua na nchi kavu. Hii ni sayansi, ingawa haikuwa na maabara.

Leo mwanafunzi aweza kutaja sayari zote nane kwa utaratibu, asiweze kumwonyesha mwenzake hata moja. Taa za miji zimezififiza nyota, na saa na kalenda za ukutani zimetuondolea haja ya kutazama juu. Lakini mbingu hazikuondoka. Asiye na darubini aamke mapema mwezi wa Juni, atazame mashariki, Kilimia kipo. Nuru atakayoiona ilisafiri zaidi ya miaka 400. Ilianza safari karibu na zama zile Wareno walipojenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593.

Kwa walimu twatoa rai moja. Wanafunzi wapewe daftari, waende kwa wakulima na wavuvi wazee wa mahali pao, waandike majina ya nyota katika Kiswahili na katika lugha za makabila yetu, pamoja na mwezi zionekanapo na kazi iliyofuata. Kisha watoke nje usiku, wahakikishe kwa macho yao. Nyota zitachomoza hata tusipoziangalia. Majina yake hayatadumu pasipo mtu wa kuyatamka.