Somo la Redio: Namba Nane za Injini ya V8

Fungueni madaftari, mwandike herufi V. Wenzetu wa Mlandizi hulisikia neno "V8" mara kwa mara: likipita Land Cruiser kubwa katika barabara ya Morogoro, watu husema, "V8 hiyo!" Maana yake ni injini yenye silinda 8 katika safu 2, nne huku na nne kule, zilizoachana kwa juu kama herufi mliyoandika. Leo twataka kujua zinawaka kwa utaratibu gani.

Pistoni huzungusha mhimili uitwao kranki. Kranki ikizunguka mara 2, kila silinda imewaka mara moja. Yaani kila robo ya mzunguko huwaka moja. Lakini haziwaki 1, 2, 3, 4 kwa kufuatana. Katika injini ya Ford namba hizo 4 zote zi safu moja, na mapigo yangelemea upande huo.

Mfaransa Léon Levavasseur alipata hataza ya V8 mwaka 1902. Kranki za kwanza zilikuwa bapa, na injini zilitetemeka. Mwaka 1923 Cadillac ya Marekani ilitoa kranki yenye umbo la msalaba, mtetemo ukapungua sana.

Mwaka 1932 Henry Ford akatoa V8 ya bei nafuu. Injini ya jamii hiyo ilisukuma magari ya deraya ya Afrika Kusini yaliyotoka Kenya kupigana na Waitalia huko Somalia na Ethiopia mwaka 1941. Utaratibu wake ni 1-5-4-8-6-3-7-2.

Hapa sikilizeni vizuri. Mwaka 1964 Ford ilileta magari ya Mercury Comet katika mbio za Safari za Afrika Mashariki. V8 yao ilifuata 1-5-4-2-6-3-7-8. Mwanzo ni ule ule, kisha zaachana! Fundi aliyezoea Ford ya zamani, akaziunga nyaya za plagi kwa kukumbuka tu, angesikia injini ikipiga mizinga, au isiwake kabisa. (Mshindi mwaka ule alikuwa Ford Cortina, gari la silinda 4. Wapenzi wa V8 hawapendi kukumbushwa.)

Tena lazima kujua silinda ya 1 iko wapi. Ford huhesabu 1 hadi 4 mkono wa kulia wa dereva, 5 hadi 8 kushoto. Toyota huweka 1, 3, 5, 7 safu moja, na 2, 4, 6, 8 safu ya pili. Land Cruiser ya petroli ya mwaka 1998 hufuata 1-8-4-3-6-5-7-2, na humo kompyuta ndiyo inayoamrisha cheche.

Sasa andikeni namba za Ford zote mbili, mstari chini ya mstari, mpige alama pale zinapoanza kuachana.