Kabla ya Lami, Kulikuwa na Taniboi

Kila wikendi kuna picha fulani hupita kwa simu yako. Prado ya zamani imeinuliwa juu, bomba refu la kuvuta hewa limepanda hadi kwenye paa, jerikani mbili zimefungwa nyuma, matairi yana meno kama ya mamba. Nyuma yake ni mchanga wa Chalbi au milima ya Marsabit. Ni picha poa, na sina neno nayo. Swali langu ni dogo tu: pancha ikitokea saa nane mchana, duka la karibu liko kilomita 60, na mtandao umepotea, nani kati yenu atashuka?

Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa na jibu moja. Atashuka taniboi.

Kama umekulia mjini, huenda neno hilo umelisikia kwa wazazi tu. Taniboi ni msaidizi wa dereva wa lori. Ndugu zetu wa Tanzania humwita utingo. Neno lenyewe limebeba matusi ya enzi yake. Lile "boi" la mwisho ndilo lile lile la jikoni kwa mzungu na la shambani kwake: mtu mzima, ana mke na watoto, ana ndevu, lakini bado ni "boi". Nataka tumtazame huyu mtu, na tumtazame kwenye barabara moja, ile ya kutoka Isiolo hadi Moyale, karibu kilomita 500. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, barabara ile haikuwa kitu ambacho serikali ilikuwa imekijenga na kukimaliza. Ilikuwa ujuzi, na ujuzi huo ulikaa mikononi mwa watu wachache wenye spana.

Tuanze na lango. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza Northern Frontier District kuwa eneo lililofungwa. Huwezi kuingia wala kutoka bila kibali. Sheria ya 1934 ikaongeza nguvu za maafisa juu ya wafugaji: nani ahamie wapi, nani akamatwe, nani apigwe faini. Waingereza walilitazama eneo lote kama ukuta wa kuzuia Ethiopia na Waitaliano wa Somalia wasikaribie reli na mashamba ya walowezi. Sasa, nani hujenga barabara nzuri ndani ya ukuta? Palikuwa na njia za ngamia, njia za askari, na gari moja moja lililojaribu bahati yake.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Juni 1940 Italia iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwezi uliofuata Waitaliano wakaiteka Moyale. Ghafla ule ukuta ukawa uwanja wa vita, na jeshi zima likahitaji kupita mahali ambapo hapakuwa na barabara, maji wala petroli. Wahandisi wa jeshi, wengi wao kutoka Afrika Kusini, walifungua njia na kuchimba visima. Februari 1941 wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa wamevuka nyika hiyo kwa malori waliiteka Mega, ng'ambo ya mpaka. Aprili mwaka huo huo vikosi vilivyotoka Kenya vikaingia Addis Ababa.

Vitabu vya vita hukumbuka majenerali. Lakini malori hayaendeshwi na majenerali. Katika East African Army Service Corps walikuwemo madereva na mafundi Waafrika, na jeshi ndilo lililokuwa chuo chao. Hapo mtu alifunzwa injini, breki, springi, na namna ya kulitoa lori kwenye matope bila kuua klachi. Vita vilipoisha, wengi walirudi nyumbani na ujuzi ambao serikali haikuwa imepanga kuwapa kwa nia njema. Hata ile jerikani unayoifunga nyuma ya Prado ilitoka huko. Ulikuwa mtungi wa petroli wa jeshi la Ujerumani. Waingereza, ambao mitungi yao ilivuja ovyo, waliuona ukifanya kazi vizuri wakauiga, na jina ni la utani waliowapa Wajerumani: Jerry. Leo tunachotea maji.

Uhuru ulipokuja, ungedhani lango lingefunguka. Halikufunguka. Mwishoni mwa 1963, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini, na Vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Mabomu ya kutegwa ardhini yakaingia barabarani. Kisha kuna karatasi moja ambayo kila kijana wa Kenya angefaa kuisoma: Sessional Paper No. 10 ya 1965. Hoja yake ilikuwa kwamba pesa za maendeleo ziwekwe kwanza penye ardhi nzuri, mvua, na usafiri ambao tayari upo. Yaani mwenye barabara aongezewe barabara. Sheria maalum za kaskazini zilibaki hadi 1991. Ndiyo maana watu wa Marsabit na Moyale walipokuwa wakienda Nairobi walisema wanaenda Kenya. Si mzaha huo. Ni maelezo ya safari.

Na chakula kilifikaje huko? Kwa lori. Bedford kwanza, baadaye Isuzu na Fuso. Unga, sukari na mafuta ya kupikia vikipanda. Ng'ombe na mbuzi wakishuka. Abiria walikaa juu kabisa, wakishikilia vyuma, mifugo chini yao. Safari ambayo leo unaimaliza kwa siku moja ilikuwa siku mbili, tatu, na mvua ikinyesha, Mungu tu ndiye alijua.

Matayarisho yalianza kabla lori halijatoka Isiolo. Taniboi aliingia chini na spana akakaza boliti za springi, moja baada ya nyingine, kwa sababu yale mawimbi ya barabara ya changarawe hulegeza kila kitu. Springi ikikatika katikati ya nyika ya Dida Galgalu, hakuna fundi wa kumpigia. Kisha akahesabu mali yake: tairi za spea, si moja. Tyubu, viraka na gundi. Beleshi, kamba. Jeki, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini yake isizame mchangani. Maji ya rejeta na maji ya watu, kila moja na jerikani yake.

Pancha ilipotokea, kila kitu kilikuwa na mpangilio. Matawi ya mti barabarani, mbele na nyuma, kuonya wanaokuja. Mawe makubwa kuzuia magurudumu. Nati hulegezwa lori likiwa bado limekaa chini. Ukiinua kwanza halafu uanze kuvutana nazo, unatikisa tani kadhaa juu ya jeki moja. Halafu kuna mtego: kwa malori mengi ya Kiingereza na ya Kijapani, nati za upande wa kushoto zilifunguka kinyume. Ukizungusha ulivyozoea, unakaza, na ukitumia nguvu unavunja boliti. Kwa nati iliyokataa kabisa kulikuwa na bomba refu la chuma. Unalivalisha mkono wa spana, mkono unakuwa mrefu, na mtu mmoja mwembamba anapata nguvu za wanne.

Hapo bado hujaziba. Rimu nyingi za wakati huo zilikuwa na pete ya chuma ya kushikilia tairi. Pete isipokaa vizuri wakati wa kujaza upepo, inaweza kuruka kwa nguvu ya kuua mtu. Kwa hivyo mwenye akili alililaza gurudumu pete ikitazama chini, au akalipitishia mnyororo, na hakuna aliyeruhusiwa kuinama juu yake. Hakukuwa na bango la usalama kazini. Sheria ilikuwa kichwani, na iliingia kichwani kwa sababu kuna mtu aliumia.

Halafu kuna ujuzi wa ardhi. Ukielekea North Horr kupitia Chalbi, unapunguza upepo. Tairi linalegea na kutandaa kama unyayo wa ngamia, haliingii mchangani. Lakini mvua ikinyesha, Chalbi, ambayo zamani ilikuwa ziwa, inageuka matope ya chumvi, na hapo ujanja wa upepo haukusaidii, unasubiri. Ukielekea Moyale kupitia Dida Galgalu, mawe ni meusi ya volkeno. Tairi laini hukatwa ubavuni, na ubavu hauzibiki kwa kiraka. Hapo upepo ujae. Yaani taniboi alipaswa kujua mchanga unaishia wapi na mawe yanaanzia wapi, hata usiku, hata bila alama.

Na muda ulikuwa ghali. Kwa sababu ya majambazi, malori mara nyingi yalisafiri kwa msafara, polisi wakiwa pamoja nao. Msafara una mwendo wake. Lori likibaki nyuma na pancha, lilikuwa limebaki na watu wake wote, akina mama na watoto juu ya mifugo, katika nyika ambayo risasi haikuwa jambo geni. Anayefungua nati hapo si "boi". Maisha ya wote walioko juu yako kwenye mikono yake, na wote wanajua.

Lami ilianza kupanda kutoka Isiolo miaka ya 2000 na kitu, kipande kwa kipande, na kufikia 2017 ilikuwa imefika Moyale. Ni jambo jema, na atakayesema ana hamu ya vumbi la zamani hakuwahi kulimeza. Mgonjwa anafika hospitali. Bei ya unga haibebi tena gharama ya springi tatu. Lakini hapo pembeni bado kuna hesabu ya kufanya. Mitambo 365 ya upepo ilipohitaji kufika karibu na Ziwa Turkana, barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa upya ili ipite. Ilikuwa inawezekana kumbe. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni mzigo ambao Nairobi iliuona una thamani.

Ripoti za maDC wa kaskazini ziko Kenya National Archives, hapo Moi Avenue. Unaweza kuingia ukasoma kuhusu hali ya barabara, mvua na magari. Jina la aliyekuwa chini ya gari utalitafuta sana. Lakini baadhi ya wale wa miaka ya 70 na 80 bado wako hai, wamekaa vibarazani Isiolo, Marsabit na Moyale, migongo inawauma. Hawana picha za kupandisha mtandaoni. Wana barabara nzima kichwani.

Kwa hivyo ukienda kaskazini, nenda. Beba spea mbili, ubao wa jeki na maji kuliko unavyodhani utahitaji. Jifunze kubadilisha tairi lako ukiwa bado nyumbani, kwenye sakafu ya simiti, bila jua la kichwani. Halafu ukifika, zima injini, agiza chai, na umuulize mzee aliye karibu kama aliwahi kufanya kazi kwa lori. Msalimie kwa heshima kwanza. Washa kinasa sauti cha simu akikubali. Na muulize jina lake, lile kamili.