Manyani na Salem: Pale Kukiri Kulipokuwa Nauli ya Kurudi Nyumbani

Abiria wanaotoka Nairobi kwenda Mombasa hupita Manyani macho yakiwa dirishani, wakitafuta ndovu wa Tsavo. Voi iko mbele, chai na mahamri yanasubiri, na hakuna anayesimama. Gereza lenye ulinzi mkali lililo hapo, jirani na chuo cha kufundishia askari wa wanyamapori, limerithi jina la mojawapo ya kambi kubwa kabisa za kizuizini katika Kenya ya mkoloni. Kesi zilizosikilizwa humo hazikuwa na wakili, wala hakimu, wala siku ya hukumu. Mtu aliulizwa jambo moja tu: unakiri au hukiri?

Kambi ilijazwa mwaka 1954. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili, wanajeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa. Wengi walipakiwa kwenye magari moshi na kushushwa katika nyika hii, Manyani na Mackinnon Road, mbali na mashamba yao na mbali na mawakili. Wakati fulani Manyani ilikuwa na zaidi ya watu 10,000, na katika mwaka huo huo wa kwanza homa ya matumbo ikazuka humo na kuua.

Uchujaji wa mahabusu ulianza kabla ya kupanda gari moshi. Watu walipangwa mistari, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Gunia halikusema neno. Likitikisa kichwa, umekwisha. Hukujua ni jirani yako, shemeji yako au mtu mliyegombania mpaka wa shamba. Kisha mahabusu waligawanywa kwa rangi: weupe waliohesabiwa kuwa wasafi, wa kijivu waliokuwa njiani, na weusi walioitwa sugu. Kutoka weusi kwenda weupe kulikuwa na daraja moja tu, nalo ni kukiri kiapo cha Mau Mau, vuguvugu lililoupinga utawala wa mkoloni. Na kusema "nilikula kiapo" hakukutosha. Ulitakiwa kueleza ni nani aliyekulisha, nyumbani kwa nani, na nani wengine walikuwepo. Nauli ya kurudi nyumbani ililipwa kwa majina ya watu.

Mwaka mmoja na ushee kabla ya Anvil, tarehe 22 Januari 1953, tamthilia ya Arthur Miller iitwayo The Crucible ilianza kuonyeshwa New York. Inahusu kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa na mzee mmoja, Giles Corey, akafa kwa kukandamizwa na mawe. Miller aliandika akiwa na jicho kwa serikali ya nchi yake, iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Lakini mahabusu wa Manyani angeielewa bila mkalimani, maana kanuni ya Salem ilikuwa ile ile: anayekiri anaishi, anayekana ananyongwa.

Ndani ya kanuni hiyo wahusika hubadilika, na hawabadiliki kuelekea upande mmoja. Kasisi Hale anaingia kijijini na vitabu vizito, na uhakika wa mtu aliyesoma. Anatia saini hati za hukumu ya kifo. Mwisho wa mchezo yuko gerezani akiwasihi waliohukumiwa waseme uongo ili waokoke: ameupata ukweli, lakini umemfikisha mahali pa kuwaomba wengine wausaliti. Elizabeth, mwanamke asiyejua kudanganya, anadanganya mara moja kumlinda mumewe, na uongo huo wa huruma unamwangamiza. Naibu Gavana Danforth anakataa kubadilika. Anaona kwamba akisamehe leo, waliokwisha kunyongwa wataonekana kuwa walionewa; basi heshima ya mahakama inalindwa kwa maiti zaidi. Naye John Proctor, mzinzi anayejidharau, anakiri uongo na kutia saini, lakini anakataa kuwataja wenzake. Anapoambiwa kwamba karatasi itabandikwa kwenye mlango wa kanisa, anaichana na kwenda kitanzini.

Uhusiano wa Mau Mau na uchawi haukuwa wa jukwaani tu. Koloni la Kenya lilikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1925, ambayo bado imo katika vitabu vyetu, inayoadhibu mganga wa kutisha watu na pia anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Hata hivyo, serikali hiyo hiyo ilipoona kiapo kinaenea, iliunga mkono wazee wa Kikuyu waendeshe ibada za kuwatakasa waliokila. Watu wakawapachika jina la waganga wa Malkia.

Kesi iliyotikisa nchi wakati huo ilikuwa ya Kapenguria, iliyoanza Desemba 1952. Jomo Kenyatta na wenzake watano walitiwa hatiani Aprili 1953 kwa kuongoza Mau Mau. Shahidi mkuu dhidi ya Kenyatta alikuwa Rawson Macharia, aliyedai kumwona akilisha watu kiapo. Mwaka 1958 Macharia aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi wake ulikuwa uongo, na kwamba alikuwa ameahidiwa masomo Uingereza. Serikali ilimshtaki, lakini kosa lililomfunga halikuwa ushahidi wa Kapenguria. Lilikuwa ni hati ile ya kuukana. Alipozungumza kwa faida ya mkubwa aliaminiwa. Alipogeuka, ndipo sheria ikamwita mwongo. Mwaka huo huo Marekani, hukumu dhidi ya Miller, aliyekataa kuwataja waandishi wenzake mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1956, ilifutwa na mahakama ya rufaa.

Katika vilima vya Taita, ambavyo vinaonekana ukitoka Voi kwenda Mwatate, palikuwa na njia nyingine ya kushughulikia shari. Wanaanthropolojia Grace na Alfred Harris waliishi huko mwanzoni mwa miaka ya 1950. Grace aliandika baadaye jinsi Wataita walivyoona kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta ugonjwa na balaa kwa jamaa. Ramli ikishaonyesha mwenye hasira, alitakiwa kutasa: anapiga funda la pombe ya miwa au maji, analipuliza kwa mdomo kama manyunyu, huku akitamka maneno ya amani na baraka. Hatakiwi kumtaja mtu mwingine. Anakitoa kilicho ndani yake, mbele ya wale aliowanunia, kisha anabaki kuwa baba, mama au ndugu yao.

Tusiipambe Taita ya kale kupita kiasi. Masimulizi ya kilima cha Shomoto, ambako inaelezwa wakosaji wakubwa, wachawi wakiwemo, walisukumwa kutoka jabalini, yanakumbusha kwamba huruma ilikuwa na mpaka. Lakini kutasa kulimpa mtu nafasi ya kubadilika bila kumuuza mwenzake, nafasi ambayo Salem na Manyani hazikuwa nayo.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mkoloni ilikatikia katika kambi ya kizuizini ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, ikaeleza masikitiko yake, na bado ikakataa kubeba dhima kisheria.

Miaka zaidi ya 300 kabla ya hapo, Januari 1697, Samuel Sewall, mmoja wa majaji wa Salem, alisimama kanisani Boston mbele ya waumini wakati mchungaji akisoma maandishi yake ya kukubali lawama na aibu. Hakuna aliyemlazimisha, na hakumtaja mwenzake. Katika kesi za aina hii tumezoea kumpima mshtakiwa: alikiri, hakukiri, alisaliti, hakusaliti. Kipimo hicho kilimwelemea mtu mwenye njaa aliyezungushiwa seng'enge, huku aliyeshika kalamu na funguo akienda zake. Aliyepaswa kuulizwa kwanza kama yuko tayari kukiri alikuwa ni yeye.