"Dwarrow": Wingi Uliopotea

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yasiyosikika ila kwa nadra ni "dwarrow", lenye maana ya kibete wa ngano: kiumbe mfupi, mfua chuma na mchimba vito, akaaye chini ya milima katika hadithi za kale za Ulaya ya kaskazini. Yamkini msomaji akadhani kuwa neno hili limebuniwa na mtunzi. Sivyo. Ni zao halali la kanuni za sauti, na historia yake yahoji mamlaka ya wasahihishaji wa lugha.

Kiingereza cha Kale kilikuwa na umoja "dweorg" na wingi "dweorgas", jamaa wa "Zwerg" la Kijerumani. Konsonanti ya mwisho ilitamkwa karibu na gh ya neno letu "ghali". Mwishoni mwa neno ilipoteza mghuno ikawa kh, kisha ikageuka f, kama ilivyotokea katika "rough". Ndipo likapatikana "dwarf". Lakini katika wingi sauti hiyo ilifuatwa na irabu, nayo ikalainika ikawa w, kama vile "sorg" lilivyozaa "sorrow". Kwa hiyo wingi ulistahili kuwa "dwarrows". Baadaye umoja uliuvuta wingi upande wake, na watu wakasema "dwarfs".

J.R.R. Tolkien, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza cha Kale huko Oxford, aliijua historia hii barabara. Hata hivyo, katika The Hobbit ya mwaka 1937 aliandika "dwarves", wingi unaofanana na "elves", na mwenyewe alikiri kuwa hilo lilikuwa kosa la sarufi. Katika nyongeza za The Return of the King, iliyotoka mwaka 1955, alieleza kuwa wingi wa asili ni "dwarrows", lakini akalitumia umbo hilo katika jina moja tu la mahali: Dwarrowdelf, yaani machimbo ya vibete. Toleo la Puffin la mwaka 1961 liligeuza "dwarves" yake kuwa "dwarfs", naye akalalamika. Wasahihishaji hao walitetea kawaida ya wakati wao, si asili ya neno. Kwa kipimo cha historia, "dwarfs" nalo ni umbo la kuigiza.

Kwa nini basi "men" na "geese" yakadumu, na "dwarrows" likafa? Tolkien alijibu kuwa watu hawakuendelea kuwataja vibete mara nyingi kama wanavyowataja watu na mabata bukini. Hoja hii haitamshangaza mzungumzaji wa Kiswahili. Umbo "meno" halifuati umoja wake "jino" waziwazi, na mtoto ajifunzaye lugha aweza kusema "majino". Lakini meno hutajwa kila siku, na matumizi hayo ndiyo yalindayo umbo.

Mwanazuoni, basi, aweza kuonyesha neno lilikotoka, lakini hawezi kulirudisha vinywani mwa watu kwa amri. Tolkien alilitambua hilo, akaliweka neno la kale katika jina la kale na kuyaacha mazungumzo yaende zake. Leo kamusi za Kiingereza hukubali "dwarfs" na "dwarves" pia. Kosa la mwaka 1937 limepata uraia, na wingi wa asili umebaki mgeni nyumbani kwake.