Kabla Mama Hajafika Mwanza

Mama alipiga simu Jumapili jioni kunijulisha kwamba wanakuja Desemba: yeye, mama mdogo na watoto wawili wa dada yangu. Watapanda treni ya umeme kutoka Morogoro hadi Dodoma, kisha basi mpaka Mwanza. "Tutafutie pa kula na pa kupumzika kando ya ziwa," alisema. "Watoto wanataka mchanga." Kabla ya kuaga akaongeza, kama anayetaja jambo dogo: "Mimi usinihangaikie. Samaki wa huko unajua sili."

Nilijua. Nimekua nikijua hivyo, kama unavyojua kuwa fulani hanywi maziwa. Mama kazaliwa Bukoba na kaolewa Morogoro, na kila tulipokwenda kwao basi lilipita Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo. Ndiyo njia fupi, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza kwa nini hatupiti Mwanza. Nimekuja kujiuliza mwaka huu, baada ya kupanga chumba Kirumba ili kukusanya taarifa za tasnifu yangu ya uzamili, ambayo, kwa bahati mbaya au nzuri, inahusu biashara ya samaki.

Basi nikaanza kupeleleza. Jumamosi nilianzia karibu, sokoni Mwaloni. Aliyekulia mbali na ziwa huenda hajui neno mwalo. Ni pale mitumbwi inapotia nanga na mzigo unaposhushwa. Ufukwe ni pa kukaa. Mwalo ni pa kazi. Mwalo wa Kirumba umejaa magunia ya dagaa yanayosubiri malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na harufu yake hukaa kwenye nguo mpaka kesho yake. Niliuliza watu watano pale: mgeni wenu mnamlisha nini? Wote walijibu sato. Wa kukaanga, wa kuchoma au chukuchuku, na ugali, pilipili na ndimu pembeni. Mama mmoja mkaanga samaki alinitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomoza upande gani. "Sato ndiyo Mwanza, mwanangu."

Hapo ndipo masomo yangu yanapokuwa kero mezani, kwa sababu sato huyu naye ni mgeni. Wazee wa ziwa walikula ngege na mbiru, na msimu wa mvua waliwatega ningu wakipanda mito kwenda kutaga. Nyavu za kisasa za kutega ziliingia upande wa Kenya mwaka 1905 na kusambaa haraka. Kufikia miaka ya 1920 ngege walikuwa wamepungua kiasi cha serikali za kikoloni kumleta mtaalamu kutoka Uingereza, Michael Graham, ambaye alilipima ziwa mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ilionya, pamoja na mengine, kwamba kulitia ziwa hili samaki mkubwa anayekula wenzake kungekuwa hatari kubwa. Miaka ya 1950 sato waliletwa kutoka maji mengine ili kuziba pengo la ngege. Karibu wakati huohuo, upande wa Uganda, wakatiwa sangara. Kwa hiyo chakula cha asili nitakachowapa wageni wangu kimeishi kwenye maji haya miaka michache kuliko bibi yangu alivyoishi duniani.

Sangara hakuonyesha makucha mara moja. Katika miaka ya 1970 ghuba ya Mwanza bado ilikuwa ya furu, visamaki vidogo vya mamia ya aina, kila aina na kinywa chake: wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaovunja konokono, wapo wanaokula makinda ya wenzao. Wenye mipango waliwaona kuwa takataka yenye miiba. Meli za kukokota nyavu ziliwavua kwa tani wasagwe kuwa chakula cha mifugo. Wakati huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walipiga kambi hapa kuwahesabu na kuwapa majina. Walikuwa bado wanahesabu sangara alipolipuka katikati ya miaka ya 1980. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu kizima kuhusu jinsi aina za furu zilivyotoweka moja baada ya nyingine mbele ya macho yao. Nilikisoma usiku kwenye simu, kelele za washangiliaji zikitoka uwanja wa CCM Kirumba, na sikuweza kulala mapema.

Baada ya hapo vikaja viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 minofu ya sangara ilianza kusafirishwa Ulaya, na mitaa ya Mwanza ikabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa vinavyotoka kiwandani baada ya mnofu kukatwa. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu ya Darwin's Nightmare iliyoonyesha mapanki hayo yakikaushwa juani, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani. Nimejifunza kutoitaja filamu hiyo Mwaloni kabla sijanunua kitu. Watu hawabishi kwamba mapanki yaliliwa. Wanachokataa ni kuonyeshwa kama watu wanaokula uchafu. Binafsi naona wana haki: supu ya kichwa cha sangara ni tamu, na dhambi, kama ipo, iko kwenye bei ya mnofu iliyomfanya mvuvi ashindwe kula alichovua mwenyewe. Niliandika kwenye daftari: supu ya kichwa, mama mdogo ataipenda.

Jumapili ikawa siku ya mchanga. Nilipanda daladala kupitia Pasiansi hadi Ilemela, nikatembea mpaka Tunza, kisha nikaendelea hadi Igombe. Panapendeza, sitasema uongo. Mawe makubwa yamebebana kama magunia, upepo unatoka ziwani, na Igombe dagaa wameanikwa hatua chache kutoka kwa vijana wanaocheza mpira. Tatizo ni maji yenyewe. Kichocho kimechunguzwa Mwanza kwa miongo mingi, na kituo cha utafiti wa magonjwa kipo hapahapa mjini, kwa sababu konokono wanaokibeba wanapenda kingo tulivu zenye majani, palepale mtoto anapopenda kuchezea. Nikaandika: watoto wajenge nyumba za mchanga, maji wayatazame. Najua nitakavyochukiwa.

Kisha nikaandika Saanane. Kisiwa hicho kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na boti kutoka Capri Point hufika kwa dakika chache tu. Watoto wangewaona pundamilia na pimbi. Nilipofika kwenye neno boti, nikakata mstari mzima.

Tarehe 20 Mei 1996, jioni, Mama alimsindikiza kaka yake bandarini Bukoba. Alikuwa na miaka 19, na kaka yake 22. Mjomba alikuwa anakuja Mwanza kutafuta kazi, na tiketi yake ilikuwa ya daraja la tatu. MV Bukoba ilipitia Kemondo, ikasafiri usiku kucha, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka kabla ya kufika Mwanza. Kwa muda ilielea chini juu. Waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Ukatobolewa mwili wa meli ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwepo. Ya daraja la tatu haikuwepo. Kwa hiyo idadi ya waliokufa inatajwa kwa mamia, na kila anayeitaja ana hesabu yake. Mwanafunzi wa historia hufundishwa kutilia shaka nyaraka. Sikuwahi kufikiria maana ya kutokuwa kwenye waraka wowote, hata ule wa kutiliwa shaka.

Haya yote amenieleza mama mdogo, si Mama. Hawakupata mwili. Waliambiwa wengi wasiotambuliwa wamezikwa Igoma.

Nilirudi kwa yule mkaanga samaki wa Mwaloni, na safari hii nilianza na shikamoo na kununua kwanza. Nilimuuliza kuhusu mwaka ule. Aliendelea kugeuza samaki wake. Alisema samaki hawakuuzika, mitumbwi ilileta na watu wakageuza nyuso. Wenye uwezo walikula nyama, wasio nao wakala michembe na mboga. Nilimuuliza ilikuwa kwa muda gani. "Wengine wiki, wengine mwaka. Mimi nilikuwa na watoto, mwanangu. Nilikula." Kisha akaniuliza kama mama yangu anakula dagaa. Nikasema hapana, wala dagaa. Akatikisa kichwa taratibu, bila kushangaa hata kidogo.

Alhamisi nilikwenda Igoma, kwenye barabara ya Musoma. Nilikuwa peke yangu na joto la saa sita. Sikuwa na jina la kutafuta mahali fulani, kwa hiyo nilisimama tu katikati, kisha nikaona haya kusimama, nikakaa. Kutoka pale ziwa halionekani. Nililiona hilo kuwa jambo jema, ingawa sijui ni jema kwa nani.

Usiku huo nilimtumia Mama ratiba. Siku ya kufika, kupumzika. Kesho yake Igombe: sato kwa watoto, supu ya kichwa kwa mama mdogo, kuku wa kienyeji na matobolwa kwake. Siku ya tatu soko, kama atataka kuona ninakofanyia kazi. Mwisho kabisa niliandika Igoma na kuweka alama ya kuuliza.

Tiki zikageuka bluu saa tatu na nusu. Jibu lilikuja asubuhi, nikiwa napiga mswaki.

"Igoma iwe ya kwanza. Watoto wabaki na mama mdogo. Ulizia kama hapo karibu wanauza maua, au ninunue Morogoro."

Nimeuliza. Anunue Morogoro.